Uchawi huu unamwangukia nani?

Mashabiki wa riwaya za fantasia wakianza kubishana kuhusu mifumo ya uchawi, jina la Brandon Sanderson halikawii kutajwa. Mwaka 2007 mwandishi huyo wa Marekani aliandika insha akaweka ndani yake kanuni ambayo sasa inanukuliwa kila mahali: uwezo wa mwandishi kutatua matatizo ya hadithi kwa uchawi, msomaji naye akaridhika, unakwenda sambamba na kiasi ambacho msomaji anauelewa uchawi wenyewe. Kambi mbili zikasimama. Upande mmoja wapo wanaopenda uchawi wa kanuni, ambao msomaji anajua nini kinawezekana, nini hakiwezekani na gharama yake ni ipi. Upande wa pili wapo wanaopenda uchawi wa fumbo, unaotenda bila kujieleza. Mgeni akija kuuliza aanze na kitabu gani, jibu atakalopata linategemea ameangukia kambi ipi.

Mimi naona mabishano haya yanapima jambo la kweli lakini dogo, na kwa kulikuza jambo hilo dogo tumekuwa tukiwapa watu vitabu visivyowafaa. Kanuni za uchawi zina thamani pale zinapopita kati ya mtu na mtu. Zikibaki kati ya mtu na kitu tu, ni ufundi mzuri unaochosha baada ya kitabu cha tatu.

Kwanza tuutendee haki ufundi huo. Katika Mistborn, riwaya iliyotoka mwaka 2006, Vin ni msichana aliyekulia kwenye genge la wezi. Anameza chembe za metali na kuziunguza tumboni, na kila metali inampa uwezo wake. Chuma cha pua kinamwezesha kusukuma vitu vya metali vilivyo karibu naye, chuma cha kawaida kinamwezesha kuvivuta. Nguvu hiyo inafuata uzito. Akiisukuma sarafu iliyo hewani, sarafu inaruka. Akiisukuma ikiwa imeshagota ardhini, anayeruka ni yeye. Msomaji akishaelewa hilo, anamwona Vin akipaa usiku juu ya mapaa ya jiji la Luthadel kwa kurusha sarafu chini na haulizi imewezekanaje. Mapigano yanapoanza anahesabu pamoja naye: amebakiwa na metali gani, na chumbani humu kuna nini cha kusukuma? Raha hiyo ni halisi, na anayeidharau hajawahi kuionja.

Ukosefu wa kanuni nao una madhara yake, na kila aliyesoma Harry Potter anayajua. Kitabu cha tatu, cha mwaka 1999, kinaleta kifaa cha kurudisha wakati nyuma. Mwanafunzi anapewa ili aweze kuhudhuria vipindi vinavyogongana, kisha mwishoni kinatumika kumwokoa mfungwa asiye na hatia pamoja na kiumbe aliyehukumiwa kuuawa. Baada ya hapo, kila anapokufa mtu, msomaji ana haki ya kuuliza: mbona hawarudi nyuma wakamwokoe? Katika kitabu cha tano, cha mwaka 2003, akiba ya vifaa hivyo iliyohifadhiwa katika Wizara ya Uchawi inavunjwa yote, lakini mashabiki wanaliuliza swali hilo hadi leo.

Kiu hii ya kutaka kanuni ni ya zamani kuliko Sanderson. Mwaka 1950 Jack Vance alitoa The Dying Earth, ambamo mchawi analazimika kuzibana kauli za kichawi kichwani mwake kabla ya safari. Kichwa kinabeba chache tu, na akishaitamka moja inafutika, hana budi kurudi kuisoma upya. Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa mchezo wa Dungeons & Dragons mwaka 1974, utaratibu huo wa Vance uliingia mezani. Ulifaa sana, kwa sababu wachezaji walioketi pamoja hawawezi kuendelea kama hakuna anayejua mchawi wao anaweza kufanya nini zamu ikimfikia. Sehemu kubwa ya tunachokiita leo mfumo wa uchawi ilikomaa kwenye meza za namna hiyo, na ndiyo maana mijadala yetu mara nyingi inasikika kama ya watu wanaolinganisha silaha kabla ya mchezo.

Mzizi mwingine uko kwenye hadithi za upelelezi. Mwaka 1929 Ronald Knox aliziwekea amri kumi, na mojawapo iliwakataza waandishi wa upelelezi kutumia nguvu zisizo za kawaida, ili msomaji apate nafasi ya haki ya kufumbua fumbo mwenyewe. Wasomaji wa Kiswahili tumekutana na haki hiyo mapema. Katika Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichochapishwa mwaka 1960, mauaji yanatokea mahali ambapo watu wana kila sababu ya kusingizia mizimu, na mpelelezi Bwana Msa, na kiko chake, anakataa kusingizia. Anayesoma Mistborn akikagua kama mwandishi amecheza kwa haki anasoma kwa akili ileile ya Bwana Msa. Tofauti ni kwamba Bwana Msa anautoa mzimu nje ili hesabu ikae sawa, ilhali Sanderson anauingiza ndani ya hesabu.

Mpaka hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu unaanza pale kanuni inayohusu kutatua matatizo inapogeuzwa kuwa kipimo cha ubora wa kitabu kizima. Sanderson mwenyewe hakusema hivyo. Katika insha ileile anauhesabu uchawi wa fumbo kuwa njia halali, yenye kazi yake ya kulinda mshangao wa msomaji, na Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, ndiye mfano anaoutoa. Alichoonya ni kwamba usiache mambo gizani kurasa mia nne halafu umwokoe shujaa kwa nguvu ambayo hakuna aliyeijua. Mashabiki wameliacha sharti wakabaki na rungu. Utamsikia mtu akisema kitabu fulani ni dhaifu kwa sababu uchawi wake hauelezeki, hata kama uchawi huo haujatatua tatizo lolote mle ndani.

Mwaka 1937 mwanaanthropolojia Mwingereza Evans-Pritchard alichapisha utafiti wake juu ya uchawi miongoni mwa Wazande, watu wa Afrika ya Kati, na ndani yake upo mfano wa ghala la nafaka ambao kila shabiki wa fantasia angenufaika kuujua. Ghala limeanguka na kuwaumiza watu waliokuwa wamepumzika chini yake. Wazande wanajua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo, na wanajua watu huketi pale kukimbia jua. Wala hawauleti uchawi ueleze jinsi ghala lilivyoanguka. Wanauleta ueleze kwa nini lilianguka saa ile ile walipokuwapo watu wale wale, na ni nani aliyewatakia hayo. Swali la jinsi limeshajibiwa na mchwa. Linalobaki kwa uchawi ni swali la nani.

Sisi tunaosoma fantasia tukiwa Mombasa, Mwanza au Bukavu tunalijua swali hilo kabla ya kufungua kitabu. Tanganyika ilitungiwa sheria ya uchawi tangu mwaka 1928, na bado vikongwe wameuawa Usukumani kwa kushukiwa, wazee wameuawa Kilifi kwa tuhuma hizohizo, na watu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao. Sidhani kama msomaji anayejua hayo anaweza kukaa na swali la jinsi peke yake. Mtu akimwambia kwamba katika riwaya hii kuna watu wenye nguvu na wengine hawana, atataka kujua waliobaki wanawatazamaje na nani anaitwa mchawi nyumba ikiungua. Matakwa hayo si udhaifu wa usomaji. Vitabu bora kabisa vya aina hii vimejengwa juu yake.

Chukua A Wizard of Earthsea cha Ursula K. Le Guin, cha mwaka 1968. Ukitaka kanuni, zipo. Kila kitu kina jina lake la kweli katika Lugha ya Kale, na anayelijua jina hilo anakitawala kitu. Kila tendo la uchawi linagusa mizani ya dunia, na walimu wa chuo cha uchawi kwenye kisiwa cha Roke wanawaonya vijana kwamba hata kuwasha mshumaa ni kutupa kivuli. Ged, kijana mwenye kipaji na kiburi, anashindana na mwenzake, anajaribu kumwita mfu, na kivuli kinaponyoka kupitia ufa alioufungua. Mkuu wa chuo anakufa akiuziba. Mtu wa kambi ya kanuni ataishia hapo aseme: mfumo mzuri, una mipaka na una gharama.

Lakini nguvu ya kanuni ya majina inaonekana mahali pengine kabisa. Kwa kuwa jina la kweli ni uhai wa mtu, watu wa Earthsea wanaishi kwa majina ya kuitwa na kulificha lile la kweli. Baada ya balaa lile Ged ni mtu aliyeaibika, makovu usoni, vijana wenzake wameshampita, na hana hakika kama anafaa kuaminiwa na yeyote. Ndipo rafiki yake Vetch, wakiagana, anamtajia jina lake la kweli: Estarriol. Hakuna moto uliowaka wala joka lililoanguka, mtu amemwekea mwenzake uhai wake mkononi, basi. Ukurasa huo unafanya kazi kwa sababu kanuni ipo na tumeielewa, ila kilichotendeka ni uaminifu. Nimesoma mapambano mengi ya kichawi yaliyopangwa kwa ustadi mkubwa kuliko huu, na machache sana yamenikaa moyoni hivi.

Kitabu hichohicho kina methali mbili za watu wa kisiwa cha Gont, moja ikisema dhaifu kama uchawi wa wanawake, nyingine mwovu kama uchawi wa wanawake. Roke inapokea wavulana peke yao. Mwaka 1968 mambo hayo yalipita kama maelezo ya mandhari. Mwaka 1990 Le Guin alirudi akaandika Tehanu, akaliweka katikati swali ambalo mfumo wake wa awali haukuliuliza: nani alikubaliwa kujifunza, nani alikataliwa, na aliyekataliwa aliitwaje. Ged wa Tehanu hana tena uchawi. Wasomaji waliokuwa wamefuata nguvu zake walivunjika moyo, na bado mtu anayeomba mapendekezo huambiwa asome vitatu vya kwanza na kuishia hapo. Ushauri huo unanikera. Kanuni za Earthsea hazikubadilika hata moja kati ya 1968 na 1990. Mwandishi aliwageukia watu ambao kanuni hizo zilikuwa zimewaangukia muda wote huo.

Hapa kwetu tunaye Fumo Liyongo, na inanishangaza kwamba hatajwi hata kidogo katika mabishano haya. Utendi wake, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913 kutokana na masimulizi ya zamani zaidi, una kanuni ngumu kuliko nyingi za leo. Mshale haumuui Liyongo, mkuki haumuui. Kinachomuua ni sindano ya shaba, na lazima imchome kitovuni. Hapo pana kikomo kilicho wazi chenye sharti la kitu na sharti la mahali. Shabiki wa kanuni ataanza kuuliza kwa nini shaba na si chuma, kwa nini kitovu. Utendi hauna haja na maswali hayo hata kidogo. Unachouliza ni nani anaijua siri hiyo, na nani ataibeba. Mfalme wa Pate anamtuma mtoto wa Liyongo mwenyewe, kwa ahadi ya kuozwa binti wa kifalme. Mtoto anamuuliza babake, na baba anamwambia.

Nataka tukae hapo kidogo. Katika riwaya za kanuni, kuijua kanuni humpa shujaa nguvu: kadiri Vin anavyojifunza ndivyo anavyoshinda. Kwa Liyongo kanuni ni siri, na siri ina uzito tofauti kulingana na aliyeishika. Ikiwa kwa Liyongo ni uhai, mfalme asipoipata ni hofu, na ikifika kwa mtoto ni mauti. Anachomwa akiwa usingizini. Anaamka, anachukua upinde, anakwenda kisimani, anapiga goti na mshale umetegwa, na anafia hapo katika hali hiyo. Watu wa mji hawathubutu kuteka maji, hawajui kama yu hai. Mama yake analetwa amsihi. Hata maiti yake inautawala mji kwa kiu. Naye mtoto hakuipata ile harusi. Ni kanuni moja tu, na imepita kwa baba, mtoto, mfalme, mama na mji mzima, na kila ilipopita imemwonyesha mtu alivyo.

Vijana wetu wengi wameingia fantasia kwa mlango wa anime, yaani katuni za Kijapani, na huko pia ushahidi upo. Fullmetal Alchemist, kazi ya Hiromu Arakawa iliyoanza mwaka 2001, ina kanuni inayoweza kuandikwa kwa mstari mmoja: hupati kitu bila kutoa kingine chenye thamani sawa. Ndugu wawili wanajaribu kumfufua mama yao. Mmoja anapoteza mguu, mwingine anapoteza mwili mzima, na yule wa kwanza anatoa mkono wake ili roho ya mdogo wake ifungwe ndani ya vazi la chuma. Kanuni ni ya kihesabu kabisa. Kinachowafanya watu walie ni kwamba mkono wa kaka umelipia roho ya mdogo.

N. K. Jemisin ndiye aliyelibeba swali la nani hadi mwisho. Katika The Fifth Season, ya mwaka 2015, wapo watu wanaoweza kutuliza au kuchochea matetemeko ya ardhi kwa kunyonya joto lililo karibu nao, na nguvu hiyo imeelezwa kwa kina cha kumridhisha mpenda kanuni yeyote. Bara zima linawahitaji ili lisipasuke, na bara zima linawachukia. Watoto wanaogundulika kuwa nayo wanauawa na majirani au wanapelekwa chuo cha Fulcrum kufunzwa utii kwa maumivu. Kuna sura ambamo tunaonyeshwa vituo vinavyotuliza ardhi vinaendeshwa na nani, yaani mtoto aliyeharibiwa akili na kufungwa kwenye kiti ili abaki na nguvu peke yake bila hiari. Baada ya sura hiyo mtu hawezi tena kuuliza mfumo unafanyaje kazi bila kuona nani anafanyishwa kazi. Vitabu vitatu vya mfululizo huo vilishinda tuzo ya Hugo ya riwaya bora miaka mitatu mfululizo, 2016, 2017 na 2018, jambo ambalo hakuna mwandishi mwingine alikuwa amelifanya kabla yake.

Sasa turudi kwa yule mgeni anayeuliza aanze wapi. Mazoea yetu ni kumuuliza anapenda uchawi wa kanuni au wa fumbo, kisha kumtupia mfululizo. Mara nyingi ni The Wheel of Time, vitabu kumi na vinne, bila kujali kama ana fedha ya kununua hata kimoja. Ningependa tumuulize jambo jingine: riwaya ya mwisho iliyokukaa moyoni, uliwakumbuka watu gani, na walifanyiana nini? Anayejibu kwa kueleza hila na mitego ana haki ya kupewa Mistborn, na atafurahi. Anayejibu kwa kueleza usaliti wa ndugu, au aibu, au deni lisilolipika, akipewa Mistborn kwanza huenda akadhani fantasia yote ni ramani za mapigano, asirudi tena. Mpe A Wizard of Earthsea, kitabu kifupi kinachojitosheleza. Aliyekwisha kukisoma na akakipenda apewe Tehanu, na asitishwe na wanaosema ni kitabu cha huzuni. Aliyemaliza mifululizo mitatu ya kanuni akaanza kuchoka, The Fifth Season itamwamsha, ilimradi aonywe kwamba inaanza na kifo cha mtoto.

Na orodha zetu zisianzie ng'ambo pekee. Adili na Nduguze cha Shaaban Robert kilitoka mwaka 1952, miaka miwili kabla ya buku la kwanza la The Lord of the Rings. Ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, wamemtendea kaka yao ubaya na jini Huria amewageuza manyani. Lakini adhabu haikuishia kwao. Kwa amri ya jini huyo, Adili aliyedhulumiwa ndiye anayepaswa kuwachapa kila usiku, nduguze wa damu, kwa mkono wake mwenyewe. Mpe kijana wa kidato cha pili aliyezoea anime, mwambie tu kwamba kuna laana ambayo mzigo wake kaubeba asiye na kosa. Ni kitabu kidogo, kinamalizika mwisho wa wiki mmoja, na Kiswahili chake hakina mfano.